Mbwa Mgeni katika Nchi ya Ndorobo

Mwaka 2018, katika eneo la Grumeti lililo kwenye ukanda wa magharibi wa Serengeti, kiliundwa kikosi cha mbwa wa kunusa. Mbwa hao hawakuzaliwa katika bara hili. Waliletwa kutoka Marekani kwa ushirikiano wa Mfuko wa Grumeti na jumuiya iitwayo Working Dogs for Conservation, na walitokana na vituo vya kutunzia mbwa waliotupwa au kukataliwa na wenyewe. Mbwa mwenye nguvu kupita kiasi, asiyetulia nyumbani, atafunaye viti na kuruka ua, mara nyingi huwashinda watu wa mjini wakamtoa. Lakini mbwa huyo huyo, kwa kuwa hachoki kuutafuta mpira wake, hufaa sana kufundishwa kutafuta jino la tembo lililofichwa au bunduki iliyozikwa. Kasoro yake ya nyumbani ndiyo sifa yake ya kazini.

Kikosi hicho kiko mkoani Mara, lakini habari yake yawahusu pia wakazi wa Simiyu. Mtu aliyeko Bariadi huuelekea ukanda huo kwa upande wa kaskazini, na upande wa mashariki Pori la Akiba la Maswa limepakana na vijiji vya wakulima na wafugaji. Ndorobo, kupe na bweha hawaijui mipaka ya mikoa. Mtanzania anayerejea kutoka masomoni ng'ambo pamoja na mbwa aliyemwokoa huko, au mgeni anayekuja kufanya kazi Bariadi na mbwa wake, atakutana na mambo yale yale yaliyowakuta walinzi wa Grumeti. Je, ni nini kinachomngoja mnyama huyu, na ni kwa njia gani atabaki hai?

Watu wengi husema kwamba mbwa wa kizungu ni dhaifu na mbwa wa kienyeji ni shupavu. Usemi huu una nusu ya ukweli, na nusu hiyo hupotosha. Mbwa anayeonekana akilinda boma huko Dutwa au Nkololo ni yule aliyenusurika. Ndugu zake wa tumbo moja waliokufa wakiwa wachanga hawaonekani tena, wala hakuna aliyewaandika katika daftari. Mtu anayewatazama walio hai peke yao, kisha akasema kwamba mbwa wa hapa hawaugui, amefanya kosa ambalo mwanafunzi wa hesabu angepaswa kulitambua mara moja: sampuli yake imechaguliwa na kifo. Ni kweli kwamba mbwa aliyekulia kijijini hukutana na vijidudu vingi mapema, na akivishinda, mwili wake huwa na kumbukumbu yake. Mbwa mgeni hana kumbukumbu hiyo. Anaingia akiwa mtu mzima, mwenye afya na nguvu, lakini mwili wake haujapata kukutana na adui hata mmoja wa nchi hii.

Adui wa kwanza ni ndorobo, ambaye wengine humwita mbung'o. Katika historia ya Usukuma mdudu huyu ana sura yake maalumu. Kituo cha uchunguzi wa ndorobo cha Tanganyika kilikuwa Shinyanga, chini ya C.F.M. Swynnerton, aliyekuwa mkuu wa uchunguzi huo tangu mwaka 1929 mpaka alipofariki katika ajali ya ndege mwaka 1938. Aina mojawapo ya ndorobo wa Serengeti, Glossina swynnertoni, imepewa jina lake. Katika miaka ile watu wengi walishirikishwa kufyeka vichaka ili kumnyima ndorobo kivuli. Njia hiyo ilifaulu, lakini baadaye ilionekana kwamba ardhi nayo imevuliwa nguo. Ndiyo sababu mojawapo ya kuanzishwa kwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga mwaka 1986, wakati ambapo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa bado sehemu ya mkoa wa Shinyanga. Ndani ya hifadhi ya wanyama, bila shaka, kufyeka si dawa.

Ndorobo hunyonya damu mchana, naye huvutiwa na kitu kinachokwenda, hasa kikiwa na rangi ya buluu au nyeusi. Mbwa anayesafirishwa nyuma ya gari la wazi katikati ya pori ni chambo hasa. Pamoja na kuuma, ndorobo hupitisha vimelea viitwavyo tripanosoma, ambavyo huleta nagana kwa ng'ombe na, kwa baadhi ya aina, malale kwa binadamu. Nyati na swala wengi hubeba vimelea hivi bila kuonyesha ugonjwa. Mbwa hawawezi. Homa humpanda, chembe nyekundu za damu hupungua, ufizi hupauka, na mara nyingi jicho hufunikwa na ukungu wa rangi ya maziwa au buluu. Asipotibiwa, anaweza kufa katika muda wa majuma machache.

Mwanafunzi atauliza kwa nini asichanjwe. Jibu lake ni la ajabu kidogo. Tripanosoma amevaa gamba la protini, na mwili wa mnyama hujifunza kulitambua gamba hilo na kutengeneza kingamwili za kulishambulia. Lakini ndani ya kundi la vimelea wamo wachache waliokwisha kubadili gamba. Wale wa gamba la zamani wanapoangamizwa, hawa wa gamba jipya huongezeka, na mwili hulazimika kuanza kujifunza upya. Ni kama askari wanaomtafuta mwizi kwa rangi ya shati lake, hali mwizi ana sanduku zima la mashati. Ndiyo maana homa ya ugonjwa huu hupanda na kushuka kwa vipindi, na ndiyo maana mpaka leo hakuna chanjo.

Kwa hiyo ulinzi hubaki kuwa wa mikono. Mbwa huvishwa ukanda wa shingoni wenye dawa ya kufukuza wadudu. Husafirishwa katika sanduku lenye wavu mwembamba. Na daktari wa mifugo anaweza kumpa dawa ya kuzuia vimelea, kama vile isometamidiamu, kwa vipindi alivyovipima mwenyewe. Hapa pana hatari inayostahili kutajwa wazi. Dawa ya diminazini, ambayo wafugaji wengi wanaifahamu kwa ajili ya ng'ombe, humdhuru mbwa kwa urahisi ikizidi kipimo, na madhara yake huingia mpaka kwenye ubongo. Kumkadiria mbwa wa kilo 25 kwa jicho, kutoka katika chupa ya ng'ombe, ni kumwua kwa nia njema. Zaidi ya hayo, kila mlinzi wa mbwa hana budi kuzoea kumpima joto. Mbwa mwenye afya huwa na joto la nyuzi 38 hadi 39 za Sentigredi, na homa inayogunduliwa siku ya kwanza hutibika kwa urahisi kuliko macho yenye ukungu.

Kupe huleta mengine. Kupe wa kahawia wa mbwa huishi hata ndani ya nyufa za nyumba, naye hupitisha bakteria waitwao Ehrlichia wanaoshambulia chembe nyeupe za damu. Aina nyingine za kupe hupitisha Babesia, vimelea vinavyopasua chembe nyekundu hata mkojo wa mbwa ukawa na rangi ya kahawa. Aina kali kuliko zote za Babesia ya mbwa hupatikana Afrika, kusini mwa Sahara, na inaaminika kwamba makao yake ya asili ni bweha mgongo-mweusi. Bweha hana habari nayo. Wamezoeana kwa maelfu ya vizazi. Mbwa aliyezaliwa mbali na bweha huyo hajapata zoezi hilo. Hakuna njia ya kifahari ya kumkinga. Kila jioni mtu hukaa chini na kumpapasa mbwa tangu masikioni mpaka katikati ya vidole, kwa kuwa kwa kawaida kupe huhitaji kukaa muda fulani akinyonya kabla ya kupitisha vijidudu, na anayeng'olewa mapema huwa hajamaliza kazi yake.

Joto la mchana nalo lisidharauliwe. Mbwa hutoka jasho kidogo tu, katika nyayo. Njia yake kubwa ya kujipoza ni kuhema. Anapohema huku ulimi umetoka, maji yaliyo kwenye ulimi na katika njia za hewa hugeuka mvuke, na kila gramu ya maji inayogeuka mvuke huchukua joto lipatalo joule 2,400. Hii ndiyo kanuni ile ile inayoupoza mtungi wa udongo uliowekwa kivulini, ambao maji hupenya polepole katika ngozi yake na kukauka. Wakati wa kiangazi, hewa ya Bariadi ikiwa kavu, njia hii hufanya kazi vizuri maadamu mbwa ana maji ya kunywa. Hewa ikijaa unyevu kabla ya mvua kunyesha, maji hayakauki upesi, na mbwa huhema bila faida. Joto la mwili likipita nyuzi 41 yuko hatarini. Hapo humwagiwa maji mwilini na kupepewa, kisha hupelekwa kwa daktari. Kazi ya kunusa hufanywa alfajiri na jioni, si kwa sababu ya joto peke yake bali kwa kuwa mbwa anayehema kwa mdomo hanusi vizuri.

Haya yote ni ulinzi wa mbwa mmoja. Lakini kuna upande wa pili, nao huwahusu majirani zake wote, wa kufugwa na wa porini.

Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kuonekana wakitetemeka na kuanguka kifafa. Katika muda mfupi wapatao theluthi moja ya simba wote walikufa, yaani karibu 1,000. Fisi, chui na mbweha masikio nao waliambukizwa. Uchunguzi ulionyesha kwamba ugonjwa huo ulikuwa distempa ya mbwa, unaoletwa na virusi vilivyo ndugu wa virusi vya surua ya binadamu na vya sotoka ya ng'ombe. Wakati ule inakadiriwa kwamba mbwa wapatao 30,000 waliishi katika vijiji vinavyoizunguka hifadhi, na wengi wao hawakuwa wamechanjwa. Baadaye iligunduliwa kwamba distempa haikuwa peke yake. Ukame wa mwaka 1993 uliwadhoofisha nyati. Mvua ziliporudi kupe wakawa wengi mno. Simba waliokula nyati hao walijaa Babesia katika damu. Na distempa, ambayo hupunguza nguvu ya kinga ya mwili, ikaufungua mlango. Magonjwa mawili yaliyoelezwa katika vitabu kana kwamba ni mambo mbalimbali yaliua pamoja.

Kuanzia mwaka 2003 kampeni kubwa ya kuchanja mbwa ilifanywa katika wilaya zinazoizunguka hifadhi, Bariadi na Meatu zikiwemo. Matokeo yake yana funzo ambalo wengi hawakulitazamia. Uchunguzi wa damu ya simba na mbwa uliochapishwa mwaka 2015, ukitumia kumbukumbu za miaka mingi, ulionyesha kwamba hapo mwanzo distempa ilikuwa ikitoka kwa mbwa kwenda kwa simba, lakini baadaye mizunguko ya ugonjwa kwa simba haikuufuata tena ugonjwa wa mbwa. Virusi hivyo vina wenyeji wengi porini. Chanjo ya distempa humwokoa mbwa aliyechanjwa, naye mbwa mgeni lazima awe nayo kabla ya kupanda ndege. Lakini isidhaniwe kwamba kuchanja mbwa wa vijijini kutaiondoa distempa Serengeti.

Kichaa cha mbwa ni habari tofauti kabisa. Hapa mbwa wa kufugwa ndiye mwenyeji hasa. Bweha na fisi huugua, lakini ugonjwa ukimalizwa kwa mbwa, kwa kawaida kwao pia huzimika. Nao ni ugonjwa wa kutisha kuliko yote yaliyotajwa, kwa sababu dalili zikishaonekana kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 kwa mwaka duniani, na hesabu iliyochapishwa mwaka 2002 ilikadiria kwamba Tanzania peke yake ilipoteza watu wapatao 1,500 kila mwaka, wengi wao wakiwa watoto. Aliyeumwa anapaswa kuosha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha kwenda kituo cha afya kupata chanjo siku hiyo hiyo, bila kungoja kuona kama mbwa atakufa.

Virusi hivi havisafiri katika damu bali katika mishipa ya fahamu, polepole, kutoka kwenye jeraha hadi ubongoni. Mwendo huo unaweza kuchukua majuma au miezi. Ukielewa jambo hili, utaelewa pia masharti ya kusafirisha mbwa, ambayo watu wengi huyaona kuwa usumbufu wa makarani. Mbwa anayeingia Tanzania hupaswa kuwa na kibali, hati ya afya na ushahidi wa chanjo ya kichaa. Anayetoka Tanzania kwenda nchi za Umoja wa Ulaya huchanjwa. Baada ya siku 30 au zaidi hutolewa damu, nayo inatakiwa kuwa na angalau nusu ya kizio cha kimataifa cha kingamwili katika kila mililita. Kisha hungoja miezi mitatu. Siku 30 ni za mwili kujifunza. Miezi mitatu ni kwa ajili ya shaka nyingine: huenda mbwa alikuwa amekwisha kuumwa kabla ya kuchanjwa, na virusi viko njiani. Muda ndio kipimo cha pekee kinachoweza kuiondoa shaka hiyo kwa mnyama aliye hai.

Kisiwa cha Pemba kimeonyesha gharama ya kuupuuza mlango. Baada ya kampeni za chanjo, kichaa cha mbwa kilitoweka Pemba mwaka 2014. Mwaka 2016 kikaonekana tena. Virusi haviogelei, uchunguzi wa nasaba yake ulionyesha kwamba viliingizwa kutoka nje ya kisiwa, na njia yake ni mnyama aliyesafirishwa akiwa tayari na ugonjwa. Ilibidi chanjo ianze upya, na mwaka 2018 mnyororo wa maambukizo ukakatika kwa mara ya pili.

Bariadi si kisiwa, na haiwezi kulindwa kwa kukagua bandari. Mbwa mgeni aliyechanjwa vizuri yu salama yeye mwenyewe, lakini mtoto wa jirani anayekwenda shule kwa miguu hana hati wala chanjo. Usalama wa mtoto huyo hutegemea ni mbwa wangapi wa kijiji wamechanjwa, na hapa hesabu ya sekondari yatosha. Uchunguzi uliofanywa katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza, kwa wastani, wengine zaidi kidogo ya mmoja. Chukua, kwa tahadhari, kwamba huambukiza 1.5. Ili ugonjwa ufe ni lazima wastani huo ushuke chini ya 1, na hilo hutokea theluthi moja ya mbwa wakiwa na kinga. Kwa nini basi wataalamu hudai asilimia 70?

Tuseme kijiji kina mbwa 100, na 70 wamechanjwa leo. Maisha ya mbwa kijijini ni mafupi. Tuseme kwamba katika mwaka mmoja 40 kati ya kila 100 hufa na nafasi zao huchukuliwa na watoto wa mbwa wasiochanjwa. Baada ya mwaka, waliochanjwa wamebaki 42. Kijiji bado kiko salama. Baada ya miaka miwili wamebaki 25, na mlango umefunguka, ingawa hakuna hata mbwa mmoja aliyepoteza kinga yake. Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi zoezi hili wakaanza na 50 badala ya 70, waone mlango unafunguka lini. Wataona pia kwa nini kampeni inayokuja mara moja kisha ikasahauliwa miaka mitatu hugharimu fedha nyingi na kuleta faida kidogo.

Kikwazo kimekuwa barafu. Chanjo huhitaji ubaridi, na vijiji vingi havina jokofu la kutegemewa, kwa hiyo wachanjaji wamelazimika kuja kwa gari kutoka wilayani, siku moja, na kuondoka. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa kwa mbwa wa Tanzania: chanjo ya kichaa iliyokaa miezi sita katika nyuzi 25, au miezi mitatu katika nyuzi 30, ilileta kinga isiyopungua ile iliyotunzwa katika jokofu. Waliobaki na kazi walikuwa wale wa kutafuta chombo kinachoweza kukaa chini ya nyuzi hizo bila umeme. Wakachukua mtungi wa udongo, wakauweka ndani ya mwingine mkubwa, wakajaza mchanga kati yake na kuumwagia maji. Ni kanuni ya ulimi wa mbwa anayehema. Chanjo ikiwa ndani ya mtungi kijijini, mchanjaji aliyefundishwa papo hapo hana haja ya kungoja gari la mwaka ujao; mbwa anapozaa, watoto wake huchanjwa.